Mzozo wa ushuru bandarini: usianzie Mahakama Kuu

Ukipinga ushuru uliotozwa mzigo wako katika bandari ya Mombasa, mwandikie kwanza Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30 ukiomba uamuzi upitiwe upya, kwa kuwa kifungu cha 9 cha sheria ya mwaka 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala humzuia jaji kusikiliza shauri lililoruka ngazi hiyo. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza, jambo ambalo wengi hulisahau, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Akikataa, una siku 45 za kukata rufaa katika Baraza la Rufaa za Kodi. Utaratibu huu hausaidii mzigo unaooza kabla ya jibu: hapo iombe rasmi Mahakama Kuu ikuondolee sharti hilo, ukieleza upekee wa hali yako.