Numna za sufu: brashi kila siku, maji mara moja moja, na kamwe usihifadhi kitu kibichi

Hii ni ya masaisi, yaani watunza farasi, ya watu wa polo, na ya wazazi ambao mtoto ameanza kupanda farasi na wameshanunua numna (ule mto unaokaa kati ya tandiko na mgongo wa farasi) ya ngozi ya kondoo kwa pesa ndefu, alafu kabla msimu haujaisha imekuwa ngumu kama ubao na inanuka. Mara nyingi kilichoiua si kazi, ni kuoshwa. Sufu haitaki maji mengi, inataka brashi, hewa na kivuli, na ukishalishika hilo nusu ya mambo ya hapa chini utakuwa unayajua tayari.

Kwanza jua uko na gani. Kuna ya ngozi, yaani ngozi halisi ya kondoo na sufu yake bado imeota juu yake, imeshonewa kitambaa cha pamba kwa nyuma. Kuna ya felti, sufu iliyogandamizwa mpaka ikawa kitu kimoja kinene, inchi moja hivi au pungufu, hii ndo wenye tandiko za kimarekani wanaipenda. Kuna blanketi la kufumwa, ambalo wengine hulikunja mara mbili. Alafu kuna ya uongo, ile ya poliesta inayofanana na ngozi, hio tia kwa mashini ya kufua ukaendelee na mambo yako. Kama huna uhakika chomoa unyuzi mmoja uuchome na kiberiti: sufu inanuka nywele iliyoungua na inaacha majivu unayoweza kuyaponda kwa vidole, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi.

Sasa, ukishafungua mkanda na kuteremsha tandiko, usikimbilie kuitupa numna kwa reli ya kutundikia. Igeuze uiangalie. Huku ni kusafisha pia manake hapa ndo unajua kama kuna shida kabla haijawa kidonda. Jasho linatakiwa lilingane kulia na kushoto, na katikati pawe na mstari mkavu pale uti wa mgongo unapopita. Ukiona kidoa kikavu cha ukubwa wa kiganja kimezungukwa na sehemu iliyolowa, sana sana nyuma ya bega, ujue hapo tandiko linabonyeza mpaka jasho halitoki, au halimgusi farasi kabisa, moja kati ya hayo mawili. Weka mkono mahali hapo kwa mgongo ubonyeze taratibu, akididimiza mgongo au akikugeuzia masikio nyuma umeshapata jibu. Na tafadhali usiongeze numna nyingine juu ya hio, tandiko linalobana ukiliwekea unene zaidi linabana zaidi, hapo anaitwa fundi wa matandiko.

Baada ya hapo ianike, sufu ikiangalia juu, kivulini penye upepo, na usiiguse na brashi ikiwa bado imelowa jasho. Wengi wanapiga brashi palepale kwa sababu wanataka kumaliza kazi waende, kumbe wanasukuma uchafu ndani na kuzisokota nyuzi pamoja. Ngoja ikauke kabisa. Jasho likikauka linabaki chumvi na vumbi na nywele, vitu vikavu, vinatoka vyenyewe. Ya felti na ya kufumwa tumia brashi ngumu au kile kitana cha mpira cha kusugulia farasi, vuta upande mmoja, usizungushe. Ya ngozi tumia brashi ya waya laini, zile za mbwa wenye manyoya marefu, uanze kwenye ncha za sufu ukishuka taratibu kuelekea kwa ngozi. Ukiwa na vakyumu itumie, hakuna aibu, inatoa vumbi la Gilgil kuliko mkono wowote.

Alafu kuna kishona nguo. Ukipanda nje, porini au kando ya shamba baada ya mvua, zile mbegu nyeusi ndogo ndefu zenye meno mawili matatu kwa ncha zinaingia kwa sufu na hazitoki na brashi, tena brashi inazivunja inaacha yale meno ndani. Kaa chini uzitoe moja moja kwa vidole, ukizifuata upande zilikoingilia. Pitisha kiganja wazi juu ya numna yote ukiegemea kidogo kwa uzito wako, pale utakapochomwa ndo kuna moja. Mbigiri ni mbaya zaidi. Mwiba mmoja chini ya tandiko na mtu wa kilo sabini juu, alafu mnashangaa kwa nini farasi anaruka.

Kuosha kwa maji iwe pale tu brashi imeshindwa: sufu imeshikana kwa mafuta na jasho, inanuka ata ikiwa kavu, au farasi amebadilishwa. Kwa farasi anayefanya kazi ya kawaida hio inaweza kuwa mara chache tu kwa mwaka. Chagua asubuhi ya siku yenye jua na upepo, manake kuosha ni dakika chache lakini kukauka ni siku mbili tatu, na ukiwa Limuru mwezi wa saba na ile baridi na ukungu wake bora usubiri tu.

Ya felti: ilaze kwa sakafu safi yenye mteremko au kwa meza ya mbao, piga maji baridi kwa mpira wa maji ukisukuma uchafu kutoka katikati kwenda pembeni, geuza ufanye upande wa pili. Mara nyingi maji peke yake yanatosha. Ikibidi sabuni tumia shampuu kidogo ya watoto au sabuni ya maji iliyoandikwa ya sufu, ipake kwa kiganja, bonyeza, suuza mpaka maji yatoke meupe, alafu suuza tena, kwa sababu sabuni ikibaki ndani farasi akitoka jasho inaamka na kumwasha. Usiikamue kwa kuisokota. Iegemeze ijichuje, ama ifunge kwa taulo kuukuu uikanyage.

Ya ngozi ni ya kudekeza kidogo. Angalia lebo, zingine haziruhusiwi maji kabisa. Zinazoruhusiwa, maji ya uvuguvugu yasizidi nyuzi 30, kwenye beseni kubwa, na ya kusuuzia yawe na joto hilohilo. Sabuni ya sufu yenye lanolini ndo nzuri zaidi, manake lanolini ni yale mafuta ya kondoo mwenyewe na ukiyaondoa yote sufu inakuwa kavu na inakatika. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Ikiwa karibu kukauka lakini bado ina unyevu kidogo, ishike huku na huku uivute kwa mikono pande zote, hio ngozi ya nyuma inalegea, ukiiacha ikauke yenyewe inajikunja. Mwisho ndo unaichana na brashi ya waya na sufu inasimama tena.

Vitu vya kukaa mbali navyo. Maji ya moto: kila unyuzi wa sufu una magamba madogo sana, joto na sabuni na kusuguana vinayafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani, ndo ile numna iliyorudi kutoka kwa mashini ikiwa saizi ya punda. Jik: usijaribu, dawa hio inaila sufu mpaka iyeyuke. Sabuni za unga zenye enzimu za kutoa madoa: enzimu hizo zinakula protini, na sufu ni protini, keratini ileile ya nywele na kwato. Sabuni ya kipande ni kali pia kwa sufu ata kama mama alikuwa anafulia sweta nayo. Softena inafunika nyuzi na hazinyonyi jasho vizuri tena, na kunyonya jasho ndo sababu ulinunua sufu.

Kuanika, narudia, ni kivulini na penye upepo, ikiwa imelala bapa juu ya wavu au reli mbili tatu zilizo sambamba, unaigeuza asubuhi na jioni. Ukiitundika kwa kamba moja ikiwa imelowa inajikunja pale katikati na mkunjo huo utamkuta farasi kwa uti wa mgongo. Usiweke karibu na jiko wala juu ya mabati ya jua kali, ngozi inapasuka.

Na hapa ndo watu wanapokosea kuhifadhi. Sufu inaweza kubeba maji karibu asilimia 30 ya uzito wake na ukiigusa ukahisi ni kavu. Kwa hivyo kugusa juu hakutoshi. Ya felti ikunje kidogo kwa pembe uweke shavu pale kwenye mkunjo, ukihisi baridi bado. Ya ngozi ingiza vidole mpaka kwenye mzizi wa sufu. Ukiwa na shaka mpe siku nyingine moja. Wa Diani na pwani kwa ujumla mna kazi zaidi, ile hewa ya chumvi haikaushi kitu, wekeni feni.

Kuhusu magonjwa ya ngozi niseme haraka. Kila farasi na numna yake, iandike jina. Choa inapita kwa numna na brashi kirahisi sana na mbegu zake za fangasi zinaishi miezi mingi kwa vitu, kwa hivyo ya farasi mgonjwa itenge, umuulize daktari wa mifugo dawa ya fangasi inayofaa, na kama imechakaa ichome tu. Ule ugonjwa wa magaga yanayong'oka na vifungu vya nywele wakati wa mvua, unaletwa na bakteria anayeitwa Dermatophilus congolensis, aliyeelezewa mara ya kwanza Kongo mwaka 1915 kwa ng'ombe, naye anapenda unyevu, kwa hivyo usimtandike farasi na numna ya jana iliyolowa.

Ukitaka kuiweka miezi kadhaa, adui mkubwa ni nondo. Si yule anayeruka, huyo hali kitu, ni funza wake, na anapenda sufu yenye jasho kuliko safi, kwa hivyo isafishe kwanza. Dalili zake ni mashimo madogo, utando kama buibui, na punje kama mchanga zenye rangi ileile ya sufu. Ukiziona, toa nje, piga brashi mishono yote, alafu ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa uitie kwa friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka irudi joto la chumba, la sivyo umande unaingia kwa sufu na umerudi mwanzo. Nafthalini, zile tembe nyeupe, mimi sizipendi. Harufu inaingia haitoki, na kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, enzimu inayolinda chembe nyekundu za damu, na watu hao Afrika si wachache, inaweza kuzivunja chembe hizo.

Na jambo la hatari kabisa: usinyunyizie numna dawa ya kupe ya ng'ombe iliyobaki kwa stoo. Soma chupa, ikiwa imeandikwa amitraz iweke mbali na farasi, inasimamisha matumbo yake na inaweza kumuua.

Ihifadhi ndani ya foronya kubwa au shuka ya pamba, si plastiki, imelala bapa kwa rafu ya mbao, sio sakafu ya simenti wala kuegemea ukuta wa mawe, na usiweke tandiko juu yake. Panya wakiwepo tumia sanduku la bati lenye matundu madogo. Ifungue kila mwezi uikung'ute nje, na siku ya kuirudisha kazini pitisha kiganja tena kabla haijapanda mgongoni.