Kabla Kibanio Hakijafunguliwa: Mambo ya Kuzingatia Unapompa Usingizi Mgonjwa wa Kupandikizwa Ini

Anza na moyo. Ultrasaundi ya moyo ikionyesha presha ya upande wa kulia imepita 50 mmHg, usikubali kuambiwa "tutaona mezani". Mgonjwa aingizwe katheta, presha ya ateri ya mapafu ipimwe yenyewe. Wastani ukizidi 35 hutibiwa kwanza. Ukifika 50, upasuaji kwa kawaida haufanyiki, maana damu ikirudi kwa kishindo kupitia ini jipya, moyo wa kulia hauhimili.

Sodiamu iliyoshuka usiipandishe kwa pupa. Isizidi 8 hadi 10 mmol/L kwa saa 24, la sivyo neva za shina la ubongo huharibika na mgonjwa akaamka hawezi kumeza wala kuinua mkono. Plazima na bikaboneti nazo zina sodiamu, zihesabu.

INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) ikiwa kubwa isikutie hofu. Ini bovu limepunguza vinavyogandisha damu pamoja na vinavyozuia isigande, kwa hiyo namba hiyo inakupa nusu ya habari. Plazima inayomiminwa ili karatasi ya maabara ipendeze huijaza mishipa ya tumboni, na mgonjwa huvuja zaidi. Pima ugandaji wa damu nzima kwa mashine ya TEG au ROTEM, kisha toa kile kinachokosekana tu.

Andaa mrija wa ateri, kanula nene, mashine ya kusukuma damu iliyokwisha kujaribiwa kwa maji, blanketi la hewa moto, antibiotiki. Mwenye maji tumboni mhesabu kuwa ana tumbo lililojaa chakula hata kama amefunga.

Sasa potasiamu. Hapa usiharakishe.

Ini la kupandikizwa huja likiwa kwenye barafu, limejaa maji ya kuhifadhia. Yale ya University of Wisconsin yana potasiamu ya takriban 125 mmol/L, ilhali damu ya mtu ina 3.5 hadi 5. Wapasuaji hulisuuza, lakini haiishi yote, na chembe zilizokaa bila oksijeni zimeshavujisha potasiamu yake na asidi juu. Kibanio cha mshipa wa porta, unaoingiza damu kwenye ini, kikiachiwa, mchanganyiko huo wa baridi hufika kwenye moyo ndani ya sekunde. Tazama monita: kwenye mchoro wa umeme wa moyo wimbi la T linachongoka kama hema, QRS (wimbi la pigo lenyewe) inatanuka, mapigo yanazidi kuachana, mchoro wa ateri unalala. Presha ikishuka kwa zaidi ya 30% kwa dakika nzima ndani ya dakika 5 za kwanza, hiyo ndiyo sindromu ya kurudisha damu. Potasiamu ikiwa ilikuwa juu tangu mwanzo, moyo husimama.

Kosa lenyewe huwa limefanyika saa nzima nyuma. Mgonjwa alivuja, akapewa damu iliyokaa sana kwenye friji, na kila uniti ikaja na potasiamu yake, mkojo hautoki, kipimo kinasoma 4.9 na mtu anasema ni kawaida. Ni kawaida kwa aliyelala wodini. Kwa anayesubiri kufunguliwa ini, lenga karibu 4. Insulini uniti 10 pamoja na glukosi gramu 25 huchukua dakika 15 hadi 30 kufanya kazi, basi usingoje mpaka mpasuaji ashike kibanio. Omba damu mpya au iliyooshwa mapema, kwa sababu kuosha huchukua muda. Figo zikiwa zimekufa, panga dayalisisi humo humo chumbani.

Kalsiamu haishushi potasiamu. Inaukinga moyo tu. Tena inaisha haraka, kwa kuwa sitreti, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye mifuko ya damu, huishika na hakuna ini la kuivunja. Kalsiamu huru isishuke chini ya 1.1 mmol/L. Angalia lebo: ampuli ya ml 10 ya kalsiamu kloridi 10% ina 6.8 mmol, ya glukoneti ina takriban 2.2. Anayezidhania ni sawa atakuwa ametoa theluthi ya dozi.

Dakika 10 kabla ya kufungua, mpasuaji atangaze. Upime damu upya. Joto liwe 36 au zaidi, oksijeni 100%, noradrenalini ya kupandisha presha inatembea. Mezani ziwepo sirinji zenye lebo: adrenalini ya mikrogramu 10 kwa ml na nyingine ya 100 (usizilaze pamoja), kalsiamu, bikaboneti. QRS ikitanuka, sema kwa sauti: "Bana tena!" Usione haya, kibanio kurudishwa kwa muda ni heri kuliko kukandamiza kifua kilicho wazi chini yake.

Baadaye ini likishika kazi, potasiamu hushuka na sukari hupanda, kwa hiyo pima kila nusu saa na usiendelee na insulini kwa mazoea. Lakteti ishuke, nyongo itoke. Dopla (ultrasaundi ya mtiririko wa damu) ya ateri ya ini ifanywe ndani ya siku ya kwanza, na presha ikishuka ghafla usiku, muite mpasuaji kabla ya kuongeza dripu nyingine.