Kuchagua kiwango cha msingi cha uboreshaji katika kompaila

Usipoipa GCC au Clang, yaani kompaila za C na C++, kiwango chochote cha uboreshaji, hutumia -O0: karibu hakuna kinachoboreshwa, na programu huwa nzito kuliko inavyostahili. Kwa hiyo andika kiwango waziwazi kwenye faili la ujenzi. CMake, zana ya kupanga ujenzi wa programu, ndiyo inayowanasa wengi, kwani CMAKE_BUILD_TYPE, yaani aina ya ujenzi, ikiachwa tupu haiongezi -O yoyote wala haitoi onyo.

Toleo la kusambazwa liwekee -O2 -g. Taarifa za utatuzi zinazoletwa na -g haziipunguzii programu kasi. Zikijaza diski, zitoe baadaye kwa amri ya strip. Unapofuatilia hitilafu mstari kwa mstari, GCC ina -Og, kiwango kinachofaa utatuzi. Ila usijenge kwa -O0 peke yake miezi yote ya kazi: onyo la -Wmaybe-uninitialized, la kigeu ambacho huenda hakijapewa thamani, hutegemea uchambuzi wa uboreshaji, na ulinzi wa _FORTIFY_SOURCE dhidi ya kufurika kwa bafa haufanyi kazi bila uboreshaji.

-O3 isiwe ya msingi. Hurudufu vitanzi na kupachika funsheni nyingi zaidi, msimbo ukavimba, na kache ya maelekezo, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ya kichakataji, ikazidiwa. Pima kwanza, kisha iweke kwenye mafaili machache yaliyoonyesha faida. Tangu GCC 12 ya mwaka 2022, hata -O2 hugeuza vitanzi rahisi kuwa maelekezo ya vekta, yanayoshughulikia thamani kadhaa kwa pamoja.

-Ofast ni hatari zaidi. Huwasha -ffast-math, inayolegeza kanuni za hesabu za desimali, na hapo kompaila huchukulia kwamba NaN (thamani isiyo namba) haipo kabisa. Ukaguzi wako wa isnan unaweza kufutwa kimyakimya. Nayo -march=native, inayojenga kwa ajili ya kichakataji cha mashine inayojengea, ibaki kwenye mashine yako, maana kichakataji cha zamani kikikutana na agizo kisilolijua, programu hufa papo hapo.

Programu ikienda sawa kwa -O0 na kuharibika kwa -O2, usikimbilie kushusha kiwango. Mara nyingi kosa limo kwenye msimbo: namba kamili yenye alama imefurika, kigeu hakikupewa thamani, au kumbukumbu ileile imesomwa kwa aina mbili tofauti. Jenga kwa -O1 -g -fsanitize=address,undefined, inayokagua makosa ya kumbukumbu na tabia isiyofafanuliwa programu inapoendeshwa, kisha endesha majaribio yote. Msimbo wa zamani usiorekebishika upesi upe -fwrapv (kwa namba inayofurika) au -fno-strict-aliasing (kwa kumbukumbu inayosomwa kwa aina mbili), kulingana na kosa lenyewe.

Mwisho, panga bendera zako, yaani chaguo za kompaila, zitangulie CFLAGS, bendera anazoweka mtumiaji. Zikiwapo -O mbili kwenye amri moja, ya mwisho ndiyo hushika.