Mfuatano wenye n²: kipeo kwanza

Leo tunashika kanuni moja tu, 2n² + 3n − 1, mpaka ieleweke. Herufi n ni nafasi: kwa namba ya kwanza n ni 1, kwa ya pili n ni 2, na kuendelea.

Hatua ya 1. Andika kanuni upya, na kila penye n weka nafasi unayoitaka ndani ya mabano. Nafasi ya tatu: 2(3)² + 3(3) − 1. Ukiacha mabano, 3n itakugeukia kuwa 33.

Hatua ya 2. Tafuta kipeo: 3² = 9. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na siwalaumu. Tulikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kipeo hakimo! Basi mtu akiona 2(3)² anazidisha kwanza, anapata 6, kisha 6² = 36. Kumbe kipeo ni cha 3 peke yake, ile 2 ya mbele haimo. Kipe nafasi yake: baada ya mabano, kabla ya kugawanya na kuzidisha.

Hatua ya 3. Malizia: 18 + 9 − 1 = 26.

Ukianza na n = 1 hadi 4 utapata 4, 13, 26, 43. Jikague: tofauti zake ni 9, 13, 17, na tofauti za hizo ni 4, 4. Lazima zilingane, na daima ni mara mbili ya namba iliyo mbele ya n². Zisipolingana, rudi hatua ya 2.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Namba ya 10 lazima nipitie zote tisa?
Jibu: Marahaba. Hapana, weka 10 moja kwa moja: 200 + 30 − 1 = 229.

Swali: Mimi n² − 6n imenipa −5, −8, −9, −8. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea popote, dada. Mfuatano huu unashuka kisha unapanda. Endelea: −5, 0, 7. Tofauti za tofauti ni 2 mwanzo hadi mwisho.

Swali: Je, 100 imo kwenye ule mfuatano wa kwanza?
Jibu: Namba ya 6 ni 89, ya 7 ni 118, na baada ya hapo zinazidi kupanda. 100 imerukwa.