Kukanda taya lililokaza na shingo inayoleta maumivu ya kichwa: hatua kwa hatua

Mtu akija na maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni na kuishia nyuma ya jicho, wengi wetu tunaofanya kazi ya kukanda hapa Uganda huenda moja kwa moja mabegani. Tunabonyeza, anapata nafuu, na kesho yake kichwa kimerudi. Taya halijaguswa.

Naandika haya baada ya kumhudumia fundi cherehani wa Bombo, Hajati wa makamo, ambaye shingo yake ilikuwa imekandwa na watu wengi kabla yangu. Alipokuwa akinieleza shida yake, kila akinyamaza niliona msuli wa shavu lake ukituna na kutulia, ukituna na kutulia. Alikuwa anauma meno bila kujua. Nilipomuuliza kuhusu kazi, akasema pini huzishika kwa meno, na uzi huukata kwa meno.

Taya na shingo haviachani. Neva kuu ya uso, inayobeba hisia za paji, macho na mataya, hukutana na neva tatu za juu za shingo pale shina la ubongo linapoungana na uti wa mgongo. Ndiyo maana maumivu ya kisogoni husikika kwenye paji, na taya lililokaza huonekana kama ugonjwa wa shingo. Kanda vyote viwili katika kikao kimoja.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kugusa

Usimkande, mpeleke hospitali, ukisikia lolote kati ya haya: maumivu ya kichwa yaliyompiga ghafla na makali kuliko yote aliyowahi kupata, homa pamoja na shingo isiyokunjika, mkono au uso uliolegea upande mmoja, kuona vibaya, kuanguka kwenye bodaboda siku za karibuni. Homa pekee pia ni sababu ya kwenda kupima malaria kwanza. Mama mjamzito aliyevuka wiki ya 20 akilalamikia kichwa, apimwe shinikizo la damu siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni dalili ya kifafa cha mimba.

Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa, panja zinazouma zikiguswa na taya linalochoka akitafuna, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwa, na huo hupofusha. Taya linalouma akipanda kilima na kutulia akipumzika linaweza kuwa moyo. Na taya lililofungika kwa mtu mwenye kidonda, hata cha jembe au cha funza, lichukulie kuwa pepopunda mpaka daktari aseme vinginevyo.

Muulize pia anameza vidonge mara ngapi. Anayetumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuwa anaumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Huyo mkande, lakini akamwone daktari pia.

Hatua ya 2: Pima mdomo

Afungue mdomo na aingize vidole vyake mwenyewe vilivyosimama, kimoja juu ya kingine. Vitatu viingie. Andika vimeingia vingapi.

Hatua ya 3: Shingo

Alale chali juu ya kitu kigumu. Godoro la sponji linazama na mikono yako itachoka bure. Mkeka na taulo lililokunjwa ni bora. Kwa mafuta sina mjadala: mafuta ya shea ya kwetu, yale ya kaskazini na West Nile. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka kiganjani. Kiasi cha punje ya maharage kinatosha.

Kanda misuli ya mabega na ya nyuma ya shingo polepole. Kisha ingiza ncha za vidole vyako vinane chini ya kisogo, pale fuvu linapoishia na nyama kuanza, uache kichwa chake kivikalie. Usisugue. Uzito wa kichwa, kilo nne hadi tano, ndio unaofanya kazi. Subiri dakika tatu au nne mpaka uhisi misuli imezama.

Usibonyeze mbele ya shingo mahali mpigo wa damu unaposikika. Mtu anaweza kuzirai. Na kule kuzungusha shingo ghafla mpaka ilie, kama baadhi ya vinyozi wanavyofanya, sikubaliani nako kabisa. Mshipa wa damu unaopita ndani ya mifupa ya shingo unaweza kuchanika na kuleta kiharusi.

Hatua ya 4: Panja na shavu kwa nje

Bila mafuta. Vidole vitatu kwenye panja, miduara midogo, kisha shuka kutoka mfupa wa shavu hadi kona ya taya. Hizi mashine za kutetemesha zinazouzwa Kampala zisikaribie hapa.

Hatua ya 5: Ndani ya shavu

Hapa ndipo ninaowafundisha hukwama, na hapa ndipo taya huachia. Kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza ruhusa. Mweleze kwa maneno kwamba utaingiza kidole kimoja mdomoni, kwa muda gani na kwa nini. Akisita, acha, kazi ya nje pekee nayo inasaidia. Kwa kuwa hataweza kuongea, mpe ishara: akiinua mkono, kidole kinatoka papo hapo.

Usiingie mdomoni kama kuna jino lenye usaha, jino lililong'olewa karibuni, vidonda mdomoni au malengelenge ya midomo. Kata kucha, vaa glavu mpya isiyo na unga, na umuulize kama mpira humwasha. Ilowanishe kwa maji safi, kwani glavu kavu hung'ang'ania shavu na kuuma.

Kidole cha shahada kipite nje ya meno, kati ya magego na shavu. Kikipita kati ya meno, ataking'ata akishtuka. Upande wa alama ya kidole uelekee shavuni, usielekee kwenye ufizi. Kidole gumba kibaki nje ya shavu. Sasa mwambie, "Hajati, uma meno kidogo." Kinachotuna kati ya vidole vyako viwili ndicho msuli. Kisipotuna kitu, umeshika nyama ya shavu tu. Rudi nyuma kidogo kuelekea sikio ujaribu tena. Usianze kubana kabla ya kuupata. Wengi hubana shavu tupu dakika nzima na kusema njia hii haifai.

Ukiupata, mwambie alegeze. Bana kwa nguvu ya kushika tunda bivu bila kulibonyeza, usubiri sekunde 10, achia. Sogea chini kidogo, rudia, mpaka karibu na kona ya taya. Kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yasizidi tano. Yakizidi hapo, atakaza taya na utakuwa unashindana naye. Mahali fulani atakuonyesha kwa jicho kwamba maumivu yamepanda hadi panjani au yamezama sikioni. Hapo ndipo pa kukaa. Pumua naye, usiongeze nguvu.

Akitaka kutapika, umekwenda ndani mno. Misuli iliyo nyuma ya gego la mwisho la juu usiitafute. Haifikiki kwa uhakika na utamuumiza. Upande mmoja usizidi dakika mbili. Badilisha glavu, nenda upande wa pili, hata kama hauumi.

Hatua ya 6: Pima tena, kisha nyumbani

Rudia vipimo vya vidole. Hajati aliingia na vidole viwili, akatoka na vitatu vya kubana.

Mfundishe taya linavyokaa. Aseme "na", aache ulimi ulipogusa kaakaa, afunge midomo. Meno yasigusane. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote yawe mbalimbali. Kitambaa cha maji ya moto shavuni dakika 10 jioni. Wiki ya kwanza aache mairungi, muwa, mahindi ya kuchoma na ubani wa kutafuna. Fundi cherehani achomeke pini kwenye kimto cha mkononi na akate uzi kwa mkasi.

Mkande mara moja kwa wiki, si kila siku, kwani msuli huhitaji kupoa. Baada ya wiki nne bila mabadiliko, au taya likikwama wazi au likijifunga, aende kwa daktari wa meno, hospitali ya Mulago mjini Kampala wapo. Anayesaga meno usiku huenda akahitaji kifaa cha plastiki cha kuvaa akilala, na hicho kichongwe kwa kipimo cha meno yake mwenyewe.