Ukurasa wa Kundi F: namna ya kuandika daftari la AFCON, kombe la mataifa ya Afrika

Nunua daftari la hesabu, lile la miraba, na penseli yenye kifutio. Kalamu ya wino iweke mbali mpaka mechi za tatu ziishe, sababu utaiona. Nina kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, Mbagala, na wateja wakibishana, daftari langu ndilo refa.

Kila kundi lina ukurasa wake: pointi, mabao ya kufunga na ya kufungwa. Ongeza safu ambayo wengi hawana, dakika ya kila bao.

Tazama Kundi F, Januari 2024 kule Ivory Coast. Morocco walitupiga sisi Tanzania 3-0. Tarehe 21, San Pedro, Msuva wetu akawafunga Zambia dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Zambia wakabaki wachezaji kumi. Nikajiandikia pointi tatu kabisa. Dakika ya 88 Daka wa Zambia akapiga kichwa, 1-1. Nilifuta hadi karatasi ikatoboka, tundu lipo mpaka leo. Kisha 0-0 na Congo (DRC). Sasa piga hesabu: Congo walipita na pointi 3, sare tatu tupu, sisi mkiani na 2. Bila kile kichwa tungefikisha 4 na kuwapita (kwenye daftari, maana uwanjani Congo nao wangekuja kivingine).

Pointi zikilingana, usikimbilie tofauti ya mabao. AFCON huanza na matokeo ya wenyewe kwa wenyewe. Wateja wangu wamezoea ligi ya Uingereza, hapo hukosea kila mara. Sisi na Zambia tulikuwa na 2 kila mmoja, na sare hata kwa hilo, ndipo mabao yakahesabiwa: wao -1, sisi -3. Zile tatu za Morocco hizo.

Ukurasa wa mwisho waachie walioshika nafasi ya tatu. Makundi sita, wanapita wanne. Tarehe 22 wenyeji walichapwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakabaki na pointi 3, kocha akaondoka. Nikawakata kwa wino, mstari mnene. Siku mbili baadaye Morocco wakaifunga Zambia 1-0, Zambia wakabaki wa tatu na pointi 2, Ivory Coast hao wakapenya.

Mstari haufutiki. Pembeni yake, Februari, niliandika kwa penseli: mabingwa.