Amiga 1200 haioni diski ngumu: anza na kebo

Amiga 1200, kompyuta ya nyumbani ya Commodore iliyotoka mwaka 1992, ina soketi ya IDE (aina ya muunganisho wa diski) ya pini 44 kwa ajili ya diski ngumu za inchi 2.5. Kebo moja hupitisha data na umeme kwa pamoja, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Usiiumbize (usiifomati) diski wala kuihukumu kuwa imekufa kabla hujamalizana na kebo.

Zima mashine, chomoa umeme ukutani, kisha fungua kasha. Mstari mwekundu wa kebo uelekee pini 1 kwenye bodi na kwenye diski pia. Upande wa diski, pini 1 iko karibu na pini nne za jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini ili kuchagua mpangilio) zilizotengwa kwa pengo dogo. Kebo ikisogea hatua moja tu kuelekea pengo hilo, volti 5 za pini 41 na 42 hazifiki mahali pake. Ikigeuzwa kabisa, volti hizo huingia kwenye njia za data na zinaweza kuunguza diski. Pini 20 kwa kawaida haipo. Kama tundu lake kwenye kebo halijazibwa, hakuna kitakachokuzuia kukosea, kwa hiyo hesabu pini kwa tochi. Diski iliyo peke yake iwe masta (diski kuu kwenye kebo), na nyingi za inchi 2.5 huwa masta zikiachwa bila jampa.

Sasa washa mashine, upime volti kati ya pini 41 na 43 (ardhi), diski ikiwa imechomekwa. Chini ya volti 4.75, shuku adapta ya umeme iliyochoka au pini zenye kutu.

Mota inazunguka lakini skrini bado inaomba flopi? Bonyeza Ctrl pamoja na vitufe viwili vya Amiga. Mashine ikiwaka kutoka kwenye diski safari hii, kebo ni nzima: Kickstart, programu ya kuwashia iliyo ndani ya chipu za mashine, ilikata tamaa kabla diski haijafikia kasi yake. Dawa ni diski inayowahi kuwa tayari, au kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash yenye adapta ya pini 44.

Bado kimya? Washa huku umeshikilia vitufe vyote viwili vya kipanya. DH0 (jina la kawaida la partisheni ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya diski ngumu) ikionekana kwenye orodha ya kuwashia, muunganisho ni mzima na kasoro iko kwenye mafaili ya kuanzishia Workbench, mazingira ya kazi ya Amiga. Isipoonekana, washa kwa flopi ya Install na ufungue HDToolBox, programu ya kupanga diski ngumu. Ikiiona diski, rekebisha partisheni; isipoiona, rudi kwenye kebo, jampa na umeme.

Kuna hitilafu moja inayojifanya ya kebo: diski inaonekana vizuri, ila mafaili makubwa yanaharibika yakinakiliwa. Katika HDToolBox, washa Advanced Options, fungua mipangilio ya mfumo wa mafaili, na uandike MaxTransfer 0x1FE00 kwa kila partisheni. Thamani hiyo huzuia mashine kuomba data nyingi kuliko diski inavyoweza kutoa kwa amri moja. Na kwa Kickstart 3.0 au 3.1 bila viraka (masahihisho ya programu), partisheni zote zikae ndani ya GB 4 za mwanzo. Ukivuka hapo, hesabu ya anwani hurudi sifuri, na data mpya huandikwa juu ya jedwali la partisheni lililo mwanzoni mwa diski.